Tutapita Saa Nne

11 Februari

Kaka Kisiki, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia, na kwamba magoti yake hayamsumbui sana. Mimi sijambo. Mafua ya mwezi uliopita yamekwisha, limebaki koo tu, nalo ni kwa sababu ya hewa ya kazini. Nimehama chumba. Kile cha zamani kilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na baada ya mwaka mzima wa nyundo nimeona nimwachie mwenye masikio ya chuma. Hiki kipya ni kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, lakini kina dirisha. Mwambie mama nalala vizuri. Silali vizuri, lakini yeye mwambie hivyo.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Mara tatu tumejaribu simu na mara tatu tumegombana, na ile ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya kusema, nami kwa hasira nikaifuta namba yako. Barua haikatiki. Ukikasirika utaikunja, kesho utaikunjua.

Kazi inaendelea. Hujawahi kuniuliza ninafanya nini hasa, basi nitakuambia bila kuulizwa. Jengo letu lilikuwa ghala la magodoro. Ndani hakuna dirisha hata moja. Kuna rafu za chuma, sita kwenda juu, na kila rafu ina mabomba ya maji yaliyotiwa virutubisho, na juu yake taa za rangi ya zambarau. Saladi na spinachi zinaota humo bila punje ya udongo. Mimi ndiye mkuu wa chumba cha miche, na kila ninachojua kuhusu miche nilikijulia hapo kitaluni kwenu, kwa hiyo usicheke sana. Tunavaa makoti meupe na nyavu kichwani, tunaosha buti kabla ya kuingia. Taa zinawaka na kuzimika zenyewe kwa saa za mashine, na anayezitega ni mwenzetu mmoja tunamwita Bwana Dakika. Ukimuuliza kama mvua inanyesha nje, kwanza atatazama saa.

Tatizo ni miguu. Ukishinda mahali pasipo na jua, jioni miguu inadai haki yake. Nakaa kitandani nasimama, nasimama nakaa. Ndiyo maana mwaka jana tulianza kuendesha baiskeli kila Jumamosi, watu wanne: mimi, Bwana Dakika, Bi Mbegu anayepanda mbegu kwenye sponji, na Dereva wa kampuni, ambaye hulalamika kwenye kila mlima kana kwamba umewekwa pale kwa ajili yake. Sasa tumeingiwa na wazimu. Kuna maonyesho ya teknolojia ya kilimo cha ndani, kule mji mkubwa, na kampuni inapeleka rafu yetu moja. Gari la kukodi litabeba rafu. Sisi wanne tutakwenda kwa baiskeli, siku tatu njiani. Meneja alicheka, halafu akakubali, halafu akaagiza fulana zenye jina la kampuni.

Sasa lile lililonikalisha chini niandike. Njia inapita nyumbani. Hakuna nyingine, nimeitazama ramani mpaka macho yamechoka. Siku ya pili, Jumamosi tarehe 22 Machi, tutapita njiapanda ya kinu, mbele kabisa ya mlango wetu, saa nne. Nimeinakili kutoka ratiba iliyobandikwa ukutani kazini, na Bwana Dakika hakosei.

Sitakaa. Sitaki kumsumbua mtu. Lakini ni miaka minne tangu nitoke pale na begi langu, na unajua tulivyoachana, nami najua. Nataka kubisha hodi tu nione kama nitaitikiwa. Kama hutaki, niandikie kwamba hutaki, nitatazama upande wa pili nipite. Na usipoandika, halafu nikakuta mlango umefungwa, nitakuwa nimeelewa, wala sitauliza tena.

Mama unaweza kumwambia au usimwambie. Nakuachia wewe.

Mdogo wako asiyetulia,
Kiguu


2 Machi

Kwako Kiguu,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana. Sanduku la posta ni la duka la pembejeo, na mwenye duka hulifungua akikumbuka.

Sisi wazima. Mama mzima. Mama mdogo alikuja kututembelea akaondoka na jogoo wangu. Mvua zimegoma, namwagilia mara mbili kwa siku, na mgongo unanikumbusha umri. Trei za nyanya ziko tayari, kabichi bado. Wavu wa kivuli ulichanika kwa upepo, nimeushona kwa uzi wa viatu na sasa unapendeza kuliko zamani.

Habari za ghala lako nimezisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikuamini. Mboga ina chumba chake, ina taa yake, jua hailijui! Nilimsomea fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akauliza kama hizo spinachi zinafunikwa shuka zikilala. Nikamwambia nitakuuliza. Mimi sina neno. Kila mtu na kazi yake, na yangu iko chini ya kucha, haitoki hata kwa brashi.

Kuhusu kupita. Barabara si yangu, ni ya serikali, na anayepita apite. Sijui kwa nini unaniomba ruhusa kana kwamba nimefunga kamba pale. Mimi Jumamosi huwa nipo, siendi popote, ndiyo maana mkaniita Kisiki.

Mko wanne? Nauliza kwa sababu ya maji ya kunywa. Watu wakitoka mbali kwa baiskeli wanakunywa sana. Na huyo Dereva anayelalamika, anaweza kukaa kwenye benchi lisilo na mgongo? Kama hawezi nitaazima kiti. Nauliza tu.

Mama nimemwambia. Sikukusudia, lilinitoka tukinywa chai. Aliinuka akaenda kutafuta gauni lake la bluu, na tangu hapo amelifua mara mbili.

Baba ndiye aliyekuita Kiguu na Njia, hata kutembea hujaanza, kwa sababu ulikuwa unatambaa kuelekea mlangoni tu. Mimi ndiye niliyekuwa nakubeba kukurudisha. Ulikuwa mzito.

Saa nne, basi.

Ni mimi kaka yako,
Kisiki


30 Machi

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo? Na mgongo wako? Mimi nimerudi salama. Ngozi ya shingo imebambuka kwa jua, na habari za kile kiti cha baiskeli siwezi kuziandika kwa heshima.

Nakuandikia kwa sababu kunyamaza kabisa ni utovu wa adabu, na mimi sikulelewa hivyo. Nitakupa habari za safari.

Siku ya kwanza tulipata pancha tatu, mbili za Dereva. Tunaendesha kwa msururu, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele anakata upepo, na akiona shimo anapaza sauti, "Shimo!", na neno linapita nyuma mdomo kwa mdomo. Baada ya muda anapisha mwingine, anarudi nyuma kupumzika. Dereva akiwa mbele alikuwa akipiga kelele ya shimo hata kwa kivuli cha mti. Bi Mbegu ana miaka hamsini na miwili na hakuna mlima uliomshusha.

Siku ya pili tulipita hapo nyumbani. Niliona mmepaka mlango rangi ya kijani. Kufuli ni jipya, la shaba, kubwa. Mmefanya vizuri.

Siku ya tatu, wenzangu wanasema, nilikaa mbele kuanzia asubuhi mpaka tunaingia mjini, nikakataa kumpisha mtu, na mashimo sikuyataja hata moja. Bwana Dakika alitumbukia kwenye mojawapo akapinda rimu. Nimemwomba radhi.

Maonyesho yenyewe yako kwenye ukumbi ambao ungeingiza soko letu lote na nafasi ikabaki. Kuna mkono wa chuma unaochuma jani la saladi bila kulivunja. Unalitazama kwanza kwa jicho la kamera, unasita, unalitazama tena, utadhani unalichumbia. Kuna kabati kama jokofu, unaliweka nyumbani na mboga zinaota humo humo. Mwenye kabati alivaa suti na alikuwa akisema "shamba lako sebuleni" kwa kila anayepita, hata kwa mama anayefagia. Rafu yetu ilifika nzima. Sisi tulifika tunanuka jasho, tuna alama za kofia kwenye paji la uso, na watu walipiga picha baiskeli kuliko walivyopiga picha miche. Meneja amefurahi mno. Anataka mwaka ujao twende tena hivyo hivyo.

Bwana mmoja aliniuliza, mbona mashina ya miche yako ni imara kuliko ya banda la jirani? Nikajikuta namweleza namna ya kuipapasa kwa kiganja kila asubuhi, taratibu, ili ijue kuna upepo duniani. Akaandika kwenye daftari. Akauliza nimesomea chuo gani. Nikasema nilifundishwa nyumbani. Sikusema na nani.

Banda la mwisho, karibu na vyoo, walikuwa wameweka kisanduku cha udongo. Udongo tu, wa kawaida, wa kulinganishia. Basi foleni ilikuwa pale! Watu wazima wenye makoti meupe wanatia vidole na kunusa. Nami nilitia mkono mpaka kwenye kifundo. Niliuacha humo mpaka mwenye banda akaniuliza kama niko sawa.

Umefanya ulivyoona inafaa, kaka. Sikulaumu.

Mdogo wako,
Kiguu


4 Mei

Kiguu,

Marahaba. Barua yako ya Machi nimekaa nayo mwezi mzima. Nimeikunja na kuikunjua kama ulivyosema, na kila nikiikunjua naikuta na maneno yale yale.

Mama hajambo. Nyanya zimekwisha, watu wamezigombania. Hayo ndiyo ya nyumbani, sasa na mimi niseme.

Unatuchezea shere? Uliandika saa nne. Ninayo barua, mwandiko ni wako. Saa tatu sisi tulikuwa tayari kando ya barabara: benchi, kiti cha kuazima kwa ajili ya huyo Dereva wenu, ndoo mbili za maji zenye vifuniko, vikombe, mama na gauni lake la bluu. Saa nne ikafika. Saa tano. Kila baiskeli iliyotokeza kwenye kona mama aliinuka. Wauza maziwa wote wa njia ile wamepungiwa mkono na mama siku ile, na mmoja akasimama kwa adabu akanywa maji. Saa sita nikamwambia mama tuingie ndani, akakataa. Saa saba ikatukuta pale pale.

Halafu unaniletea habari za kufuli. Kwanza, mtu anayepita mbio juu ya baiskeli analionaje kufuli, mpaka na shaba yake? Pili, mlipita saa ngapi? Au mlipita siku nyingine kabisa, ukaona uandike tu ili uonekane umepita?

Mama alilala kitandani siku kadhaa baada ya hapo, miguu tu. Sasa hajambo. Usimwandikie habari za maonyesho. Nilimwambia baiskeli yako iliharibika mbali sana na hapa.

Niliposoma kwamba unataka kuja, nilipaka mlango rangi. Rangi ile ni ya wiki ile. Nimeumia, Kiguu. Sikutaka kuliandika hili, lakini nimeshaliandika na sina karatasi nyingine.

Kisiki


19 Mei

Kaka, shikamoo, na leo naisema nikiwa nimesimama wima.

Mpe mama salamu zangu, zote, na usimwambie chochote kingine kabla hujamaliza kusoma.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilipofika pale kwenye saa nne na saa tano nikatoka na koti langu na wavu kichwani mpaka kwenye ubao wa matangazo. Ratiba bado ipo, hakuna aliyeibandua. Imeandikwa: Siku ya pili, njiapanda ya kinu, 4:00. Nikamwita Bwana Dakika. Nikamuuliza, hii nne ni nne ipi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Nne ya mchana," akasema. "Nne ya mashine. Pale taa za rafu ya juu zinapozimwa. Kwani kuna nne nyingine?"

Mashine zetu zinaanza kuhesabu saa katikati ya usiku, na tena katikati ya mchana, si jua linapochomoza. Nne yao ya mchana ni saa kumi, kaka. Saa kumi ya watu, jua likiwa limeshahamia upande wa kinu. Miaka minne nimefanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, kutwa tunasema zima saa nne, washa saa mbili, mpaka ulimi umezoea na kichwa kimefuata. Nikaichukua nne ile nikaiandika kwenye barua ya mtu anayehesabu saa kwa jua. Mimi, mtoto wa nyumba ile ile! Katika miche elfu sikosei mmoja, na nimekosea saa. Nilipiga ngumi ukutani mpaka Bi Mbegu akaja kunishika mkono.

Sasa na mimi niseme nilichokificha. Sikupita mbio. Tulifika saa kumi kasoro dakika tano. Nilikuwa mbele, nikainua mkono wenzangu wasimame. Nilibisha hodi. Nikabisha tena. Nikaita mama. Nikazunguka nyuma, nikakuta kitalu kimemwagiliwa nusu na mpira wa maji umetupwa chini unatiririka. Nikafunga bomba. Nikarudi mbele nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Bi Mbegu akaketi karibu nami. Fundi cherehani naye alikuwa amefunga, hapakuwa na wa kumuuliza. Bwana Dakika hakutazama saa hata mara moja. Tulikaa mpaka saa kumi na moja na nusu, ndipo Dereva akasema giza litatukuta barabarani, na hakulisema kwa kulalamika. Niliondoka nikijua kwamba umeufunga mlango makusudi, na nimeishi na hilo miezi miwili. Limenila.

Nilisema sitauliza, lakini nauliza. Wewe huachi maji yakitiririka. Tangu nikujue hujawahi. Mlikuwa wapi saa kumi? Na mama alilala kitandani kwa miguu gani hiyo? Niambie ukweli wote, kaka. Usinifiche kama mtoto.

Mdogo wako,
Kiguu


3 Julai

Kaka, shikamoo.

Wiki sita sasa. Nimekwenda posta mpaka karani ananiambia "bado" kabla sijafika dirishani. Nilitafuta ile namba yako kwenye madaftari yote, sina. Mama mdogo nimemwandikia, naye amejibu kwamba hali ya hewa ni nzuri. Mama mdogo, ambaye hawezi kuficha hata bei ya kitenge! Hapo ndipo nilipoogopa.

Naweza kuomba likizo. Naweza kuja kesho. Nilishafunga begi mara mbili nikalifungua, nikatembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Sitaki kuja kwa kuvizia. Ile asubuhi nilipoondoka ulikuwa kitaluni, nikasimama nyuma yako na begi mkononi nikingoja uniambie nibaki. Ukasema "nenda", bila kugeuka. Neno moja. Kama umelipata jingine, niandikie. Likiwa moja tu linanitosha.

Kiguu


Nje ya geti lenu
25 Julai, saa tatu asubuhi, saa tatu ya jua

Mdogo wangu,

Usishtuke, mama yupo hai. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Yuko kwa mama mdogo, anakula, anagomba, na kabla sijaondoka aliniambia shati hili halifai kwa safari.

Nimekuja kwa basi, jana kutwa. Nimepakana bega na mtu aliyelala juu yangu safari nzima. Mlinzi wenu ni mtu mwema lakini hana mchezo. Anasema uko chumba cha miche, na humo mtu haitwi mpaka amalize zamu ya asubuhi, na mimi na viatu vyangu hivi sivuki hata kizingiti. Nikamwambia siwezi kungoja. Akanipa karatasi na kalamu, akasema mtu hapiti ila barua inapita. Basi naandika nikiwa nimekaa juu ya tofali.

Barua zako zote mbili zilifika. Nilizijibu mara nne nikazichana mara nne. Ukweli wote ni huu. Siku ile jua lilimpiga mama. Kila nilipomwambia aingie ndani alisema, akifika asinikute nje atadhani hatumtaki. Saa saba alianguka hapo kando ya benchi. Mpira wa maji ulikuwa mkononi mwangu, maana nilikuwa nimekwenda nyuma mara moja kuinusuru kabichi. Niliutupa. Fundi cherehani aliingiza benchi, kiti na ndoo dukani kwake akafunga, tukampeleka zahanati kwa gari la mtu wa mayai, na mlango nikaufunga mbio kwa lile kufuli. Saa kumi ulipokuwa unabisha mimi nilikuwa nimeushika mkono wake, wenye sindano ya maji. Tulikaa huko siku mbili.

Usianze kujilaumu, maana nakujua. Daktari anasema moyo wake umechoka, na jua lilifichua tu kilichokuwepo. Na hilo la moyo mimi nilikuwa nalijua tangu mwaka jana. Nilikuficha. Nilitaka uje kwa kupenda, usije kwa kuitwa na ugonjwa. Mama mdogo nilimwapisha asiseme. Kwa hiyo kama tunagawana makosa, lako ni la saa sita tu. Langu ni la miaka.

Ile asubuhi sikugeuka kwa sababu nilikuwa nalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nilikuwa namwagilia trei ambazo nilikuwa nimeshazimwagilia. Nilisema nenda kwa kuwa ningesema jingine ungebaki, na ungebaki kwa kunihurumia, nami nisingeweza kukutazama usoni. Sikutaka uende. Sijawahi kutaka, hata siku moja. Nilikukatia simu kwa sababu hiyo hiyo, nikaona afadhali unidhanie mkali.

Mama anataka uje, na ni haki yake, daktari hatupi miaka mingi. Lakini mama angeweza kutuma barua. Mimi nimekuja kwa sababu nakutaka mimi. Njoo hata kwa mwezi, halafu urudi kwenye mboga zako, sitakuzuia na sitakununia. Na kama kwanza wataniosha viatu wakaniingiza humo ndani, nitaiona hiyo kazi yako. Nina maswali mengi kuhusu hilo la kupapasa, nimesikia unawafundisha watu vibaya, mche wa kabichi haupapaswi asubuhi.

Mlinzi ana kitabu chake cha wageni. Ameandika jina langu, ameandika saa, sasa anauliza aandike nini mahali pa sababu ya kuja. Nimemwambia aandike kwamba nimekuja kumwomba mdogo wangu arudi nyumbani. Anasema mstari ni mfupi, nifupishe. Nimekataa.

Kaka yako